Senta Yupi Atafutwe? Kazi Kwanza, Urefu Baadaye

Alfajiri ya Juni 26, 2025, kwa saa za Afrika Mashariki, klabu ya mpira wa kikapu ya Phoenix Suns, ya ligi ya NBA ya Marekani, ilijitwalia masenta wawili kwa mpigo. Mmoja, Mark Williams, ilimpata kwa kubadilishana na Charlotte Hornets: ikamtoa mchezeshaji Vasilije Micić pamoja na haki mbili za kuteua chipukizi katika raundi ya kwanza, moja ya mwaka huo na nyingine ya 2029. Wa pili, Khaman Maluach, aliteuliwa katika nafasi ya kumi, nafasi iliyotokana na mapatano yaliyompeleka Kevin Durant Houston. Maluach ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala. Alikuwa na umri wa miaka 18 na urefu wa futi 7 na inchi 2. Kwetu Bungoma, magharibi mwa Kenya, Kampala ni karibu kuliko Nairobi.

Wawili hao ni majibu mawili tofauti kwa swali moja. Williams alikwisha kukomaa, lakini mwili wake una historia ya majeraha. Miezi minne kabla, Los Angeles Lakers walikuwa wamekubaliana na Charlotte kumchukua, kisha wakavunja mapatano alipokosa kupita uchunguzi wa afya. Maluach alikuwa mzima, ila mbichi. Timu iliyohitaji mtu wa katikati ililipia uzoefu wenye mashaka, ikalipia pia ahadi ambayo haijatimia.

Swali la senta yupi atafutwe huwakalisha vijana wa Webuye na Kitale hadi usiku wakibishana juu ya timu za Marekani. Linawahusu vilevile makocha wa Nairobi kila dirisha la uhamisho linapofunguliwa, na walimu wa michezo wa magharibi mwa Kenya kila Januari wanafunzi wapya wanapoingia na macho yao yakatua kwa mvulana anayeinama mlangoni. Jibu langu ni hili: kabla ya kutaja jina la mchezaji, timu itaje kazi inayokosa mtu wa kuifanya. Anayeanza na urefu atalipa bei ya urefu na kupata urefu, huku kazi ikibaki palepale.

Kazi nne za mtu wa katikati

Senta ana kazi nne. Ya kwanza ni kulinda kikapu, yaani kuzuia mitupo na kumfanya mpinzani asite kabla hata hajaruka. Ya pili ni kuokota ribaundi. Ya tatu ni kuweka skrini na kukimbilia kikapu. Ya nne ni kufunga mwenyewe au kumpasia aliye wazi anapokabwa na wawili. Hakuna senta anayezifanya zote kwa ubora mmoja, isipokuwa wachache mno duniani, na hao hawauzwi.

Watazamaji wengi huiona kazi ya nne na kuisahau ya tatu. Hebu tazama mchezo mmoja wa kawaida. Mchezeshaji ana mpira juu ya mstari wa pointi tatu. Senta anapanda kutoka chini na kusimama ubavuni mwa beki, miguu imetanuka, mikono imekunjwa kifuani. Mchezeshaji anapita akimgusa senta bega kwa bega, na beki aliyekuwa akimfuata anagonga ukuta wa mwili. Kwa nusu sekunde, beki wa senta analazimika kuwalinda watu wawili peke yake. Senta anageuka na kukimbilia kikapu, kiganja juu akiomba mpira. Beki wa kona anaona hatari, anaingia ndani kusaidia, na mpira unarushwa kona aliyoiacha. Pointi tatu. Kwenye karatasi ya takwimu senta hana kitu, ingawa ndiye aliyezitengeneza pointi hizo tangu mwanzo.

Pengo la mtu wa katikati pia lina bei yake, na Lakers waliilipa mwaka huohuo. Mwanzoni mwa Februari 2025 walimtoa Anthony Davis ili kumpata Luka Dončić. Mpango wa Williams ulipovunjika, wakaingia mchujo bila senta wanayemwamini. Minnesota Timberwolves waliwatoa kwa mechi nne kwa moja. Katika mechi ya tano, Rudy Gobert alifunga pointi 27 na kuokota ribaundi 24. Gobert hajawahi kusifika kwa kufunga. Siku hiyo hakukuwa na mtu wa kusimama mbele yake.

Gobert mwenyewe ni somo la bei. Minnesota ilimchukua kutoka Utah mwaka 2022 kwa wachezaji watano na haki nne za raundi ya kwanza, na wengi wakasema imeibiwa. Lakini Minnesota ilijua kazi iliyoikosa: ilikuwa na wafungaji vijana, haikuwa na ukuta. Ikafika fainali ya Kanda ya Magharibi mwaka 2024 na tena 2025. Bei ilikuwa kubwa na kazi ikafanyika. Hapo mtu anaweza kubishana juu ya kiasi kilicholipwa, si juu ya chaguo.

Thabeet, Mutombo, Biyombo

Ukanda wetu umetoa watu warefu wa kutosha kutufundisha bila kwenda mbali. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, aliteuliwa wa pili katika NBA mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa tatu mwaka huo, Stephen Curry wa saba. Thabeet alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa mmoja wa walinzi bora wa kikapu katika michezo ya vyuo vya Marekani, ilhali alianza mchezo huu akiwa kijana mkubwa tayari, miaka michache tu kabla.

Wengi wetu tulimlaumu Thabeet. Nadhani tuliwalaumu wasiostahili na kuwaacha waliostahili. Memphis tayari ilikuwa na senta: Marc Gasol, aliyekuwa amemaliza msimu wake wa kwanza na ambaye baadaye, 2013, alitajwa mlinzi bora wa ligi. Kiangazi hichohicho wakamleta Zach Randolph. Kazi ilikuwa na wenyewe. Kijana aliyehitaji dakika nyingi za kukosea na kujifunza akapewa benchi, kisha Februari 2010 akatumwa ligi ya chini. Mwaka mmoja baadaye walimpeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na haki ya raundi ya kwanza, wakamchukua Shane Battier na Ish Smith. Battier hakuwa mrefu wa kutisha, lakini alijua kukaba na kutupa. Msimu uleule Memphis, wakiwa wa nane katika kanda yao, wakawatoa San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza. Walipotaja kazi, walipata tiba. Walipotaja urefu, walipoteza miaka na wakamvunja moyo kijana wa watu.

Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikuwa upande wa pili wa mizani. Februari 2001 Philadelphia 76ers waliongoza Kanda ya Mashariki, lakini senta wao Theo Ratliff alikuwa ameumia. Wakamtoa Ratliff pamoja na Toni Kukoč na wengine wawili ili Atlanta iwape Mutombo, aliyekuwa na umri wa miaka 34. Kwa kuangalia mbele ilikuwa hasara, kwani mtu wa 34 hana miaka mingi. Kwa kuangalia msimu ule ilikuwa sahihi kabisa. Allen Iverson alifunga, Mutombo akafunga mlango nyuma yake, na Philadelphia ikafika fainali. Mutombo akatwaa tuzo ya mlinzi bora kwa mara ya nne. Timu iliyo hatua moja kutoka kileleni ina haki ya kununua senta mzee. Timu inayojengwa haina haki hiyo.

Wa tatu ni Bismack Biyombo wa Lubumbashi. Mei 2016, katika fainali ya Mashariki, aliwaokotea Toronto Raptors ribaundi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Wiki chache baadaye Orlando Magic ikampa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Biyombo hakubadilika: alibaki mlinzi hodari asiyefunga sana, kama alivyokuwa Toronto. Orlando ndiyo iliyolipa bei ya senta mwenye kazi zote nne kwa mtu wa kazi mbili, na baada ya misimu miwili ikampeleka Charlotte. Mechi moja ya ajabu ni ushahidi mwembamba sana wa kujenga mkataba juu yake.

Sheria hubadilisha thamani

Kuna jambo ambalo mabishano yetu ya usiku hulisahau. Senta anayefaa NBA si lazima afae katika ukumbi wa Nyayo jijini Nairobi, au Kigali, kwa sababu sheria si zile zile. Katika NBA, mlinzi haruhusiwi kukaa ndani ya eneo la rangi chini ya kikapu kwa zaidi ya sekunde tatu ikiwa hamkabi mtu wa karibu. Katika mchezo wa FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, unaochezwa Kenya na Afrika nzima, hakuna kikwazo hicho kwa mlinzi. Anaweza kusimama pale mchezo mzima. Tena, mpira ukishagusa ringi, sheria ya FIBA inaruhusu mchezaji kuupangusa ukiwa bado juu yake. Mtu wa mikono mirefu hupata faida mara mbili.

Mchezo wa FIBA pia ni wa dakika 40 badala ya 48, na mchezaji hutoka kwa faulo ya tano badala ya ya sita. Kwa hiyo senta mzito anayechoka haraka anaweza kubebwa hapa kuliko Marekani, ilhali senta mwenye papara ya kuruka kila mtupo ni hatari zaidi: faulo mbili za mapema humkalisha benchi hadi mapumziko. Ndiyo maana nasema kwa timu zetu nidhamu ya miguu ina thamani kuliko kimo cha ziada cha inchi mbili.

Morans na pengo la katikati

Kenya imelipia pengo hili hadharani. Timu ya taifa, Morans, ilifika fainali ya mashindano ya AfroCan mwaka 2019 nchini Mali ikashindwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Februari 2021 ikaishangaza Angola 74-73 kwa mtupo wa Tylor Ongwae wa sekunde za mwisho, na chini ya kocha Liz Mills kutoka Australia ikarudi AfroBasket, michuano ya ubingwa wa Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Huko Kigali iliishinda Mali 72-66, kisha ikatolewa na Sudan Kusini 60-58 ikiwania robo fainali. Pointi mbili tu. Katika mechi ya alama chache kiasi hicho, ribaundi moja au mbili zilizookotwa vizuri ndizo zinazoamua nani aende nyumbani.

Katikati mwa kikosi kile alikuwepo Tom Wamukota, mtu wa futi 7 hivi mwenye jina ambalo mtu wa Webuye au Kimilili akilisikia haulizi limetoka wapi. Mwaka huohuo aliichezea Patriots ya Rwanda iliyofika nusu fainali ya msimu wa kwanza wa Ligi ya Basketiboli Afrika. Klabu ya Rwanda ikampa senta wetu jukwaa ambalo ligi yetu haikuwa nalo. Nairobi City Thunder ndiyo klabu ya kwanza ya Kenya kufika ligi hiyo, mwaka 2025, na ikaishia hatua ya makundi. Mwaka huohuo AfroBasket ilichezwa Angola, Uganda na Rwanda zikiwepo, Kenya ikikosa.

Tuwatazame basi waliotutoa Kigali. FIBA huruhusu timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Sudan Kusini, taifa linalosifika kwa watu warefu, nafasi hiyo iliipa nani? Mchezeshaji: Carlik Jones, Mmarekani. Katika Kombe la Dunia la 2023 aliongoza mashindano yote kwa pasi za kufunga, na timu yake ikakata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Warefu walikuwa nao, aliyekosekana ni wa kuwalisha. Kenya ina hali iliyo kinyume. Wachezaji wa pembeni na wafungaji tunao, na Ongwae ni shahidi. Tunachokosa ni kina cha katikati. Nafasi ya mgeni, Kenya ikiamua kuitumia, iende kwa senta. Isitolewe kwa mfungaji wa Marekani kwa sababu tu video zake zinapendeza.

Bungoma na Trans Nzoia hulipa kwa sarafu gani?

Kenya hatuna desturi ya klabu kubadilishana mchezaji kwa mchezaji kama NBA. Mtu huhama kwa barua ya kuachiliwa, na kinachomvuta ni ajira, karo au posho. Ulinzi Warriors ni timu ya jeshi, KPA ni ya Mamlaka ya Bandari, Equity ni ya benki. Sarafu ya uhamisho wetu ni kazi ya mshahara. Eneo lisilo na mwajiri mwenye timu haliwezi kumnunua senta, na haliwezi hata kumzuia aliyemlea.

Bungoma inaijua hesabu hii kupitia soka. Nzoia Sugar ilibeba timu hadi Ligi Kuu. Pan Paper ya Webuye nayo ilikuwa na timu yake enzi kiwanda kikivuma, kabla ya kufungwa mwaka 2009. Katika vikapu hatujawahi kuwa na mdhamini wa namna hiyo. Kijana mrefu wa Matulo akimaliza kidato cha nne ana njia mbili: apande basi la Nairobi akabahatishe majaribio, au aache mchezo. Hakuna daraja katikati, na kila tunayempoteza hapo ni senta ambaye klabu fulani italazimika kumtafuta nje baadaye kwa pesa.

Shule zetu zina uwezo. Friends School Kamusinga na St. Anthony's Kitale zimejijengea jina la kitaifa katika michezo, ingawa zaidi ni kwa magongo na soka. Vikapu huchezwa muhula wa kwanza pamoja na raga ya wachezaji 15, magongo na mpira wa mikono, na shule ikitolewa mapema ngazi ya kaunti, mchezaji wake mrefu amepata wiki chache tu za ushindani mwaka mzima. Senta hawezi kukomaa hivyo. Miguu ya mtu wa futi 6 na inchi 8 huchukua miaka kutii. Thabeet alionyesha kinachotokea tunapomharakisha aliyechelewa kuanza. Maluach naye alianza akiwa na miaka 13 hivi, lakini akapitia kituo cha NBA nchini Senegal na mashindano ya klabu za Afrika kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Duke. Alipewa michezo mingi, makocha na muda.

Kitale ina jambo jingine la kuangaliwa kwa makini. Barabara ya Lodwar na Kakuma hupitia hapo, na kwa miaka mingi familia za Sudan Kusini zimepita na kuishi mjini humo zikisomesha watoto. Nuni Omot, mchezaji bora wa ligi ya Afrika mwaka 2023, alizaliwa Kenya katika familia ya wakimbizi. Vijana wa aina yake wako katika viwanja vyetu vya saruji. Wapokewe kama wanafunzi wanaokuza kipaji, wenye haki ya kusoma na kumaliza shule. Wasichukuliwe kama miguu mirefu ya kushinda kombe la Aprili kisha wakasahauliwa.

Hukumu

Mkulima anayeenda mnadani kununua fahali wa kulima hatosheki na uzito, humtazama kwato na kumtembeza kwanza. Kocha naye aulize maswali kwa mpangilio. Ni ipi kati ya kazi nne tunayoikosa? Je, yupo kikosini anayeweza kuifanya akipewa dakika? Goti na mgongo wa anayetakiwa vinasemaje mbele ya daktari? Nani atampasia, kwa maana senta bila mchezeshaji ni nguzo tu? Tunatoa nini, na tutakihitaji lini? Na mwisho kabisa, ana urefu gani?

Kwa klabu inayowania ubingwa wa Kenya au nafasi ya ligi ya Afrika, namshauri kocha amsajili senta mzoefu mwenye nidhamu ya faulo, hata akiwa na miaka 33, kwa mkataba mfupi. Hesabu ya Mutombo inamfaa. Kwa Morans, nafasi ya uraia na msako wa Wakenya walio ughaibuni vielekezwe katikati kabla ya kwingineko.

Kwa timu inayojengwa magharibi mwa Kenya, jibu langu ni vijana wawili wa kati ya miaka 16 na 19, wenye inchi sita au nane juu ya futi sita, wanaokimbia na wanaokubali kufundishwa skrini mwaka mzima. Juu yao awekwe mchezaji mmoja mkongwe aliyestaafu ligi kuu, aajiriwe kama mwalimu kwa misimu miwili. Mfumo mpya wa shule za upili ulioanza Januari 2026 una mkondo wa sanaa na michezo. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zikiutumia kuanzisha ligi ya vijana inayochezwa mihula yote mitatu, yenye daktari na kocha anayelipwa, tutakuwa na masenta wa kutosha ndani ya miaka mitano.

Gharama yake ni ndogo kuliko kumtafuta mmoja kila msimu, na faida yake itabaki hapa hata mchezaji mwenyewe akihama. Klabu za Nairobi na Kigali zitakuja kuwaomba, na safari hii zije na mkataba, karo na fidia mezani kwa shule na klabu iliyowalea.